Wakuu naombeni ushauri: nilipie tiketi ya msimu au nigome na wenzangu?

Nyuma ya Goli (mleta uzi):
Wakuu habari zenu. Nimekwama, usingizi wenyewe sipati. Klabu yangu imeuzwa, mmiliki mpya kapandisha bei ya tiketi za msimu halafu lile jukwaa letu la kusimama anaweka viti. Wenzangu wamekubaliana kugoma, hakuna kulipia. Mwisho ni Ijumaa. Nifanyeje?

Kandanda Damu:
Goma mkuu, kugoma kunalipa. Februari 2016 mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani dakika ya 77 kisa tiketi ya pauni 77, timu inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, wao haoo nje, na mechi ikaisha 2-2. Siku chache tu wamiliki wakaomba radhi na ile bei wakaifuta.

Mama Kona:
Mimi kwenye viti nipo na mmiliki. Uwanja wa Hillsborough kule Uingereza 1989, jukwaa la kusimama, wamekufa watu 97 mnataka nini tena?

Kandanda Damu:
Mama Kona pale kilichoua ni msongamano, polisi walifungua geti watu wakajazana kwenye vizimba ambavyo vimeshajaa, na uchunguzi wa 2016 uliwasafisha mashabiki. Tangu Januari 2022 kuna klabu kubwa Uingereza watu wanasimama tena, kila mtu na nafasi yake na chuma mbele yake.

Mzee wa Benchi:
Mmenikumbusha kaka yangu, alikuwa ananibeba mabegani jukwaa la kusimama, goli likiingia ananisahau kabisa anaruka na mimi huko juu nimeng'ang'ania masikio yake. Siku hizi kila mtu ameshika simu.

Libero:
Tatizo siyo viti, tatizo ni nani mwenye klabu. Ujerumani kuna sheria ya 50+1, yaani wanachama wa klabu ndo wenye kura nyingi, ndo maana Dortmund jukwaa la kusini wanasimama karibu watu 25,000 mpaka leo. Ila mleta uzi kuna kitu unaficha. Wenzako wameshaamua, wewe kinakusumbua nini?

Nyuma ya Goli:
Sawa niseme. Mimi ndo katibu wa kikundi, barua ya mgomo nimeiandika mimi. Na tiketi nimeshalipia Jumatatu, mbili, yangu na ya baba. Mzee magoti hayamtaki, msimu uliopita alikuwa anashika chuma kwa mikono miwili kuanzia dakika ya kwanza mpaka mapumziko, mikono inatetemeka, ukimuuliza anasema yuko sawa. Hivyo viti kwangu mimi ndo vinamrudisha uwanjani. Sijamsaliti mtu.

Mama Kona:
Umeandika wenzio wagome wewe ukaenda kulipa? Huo ni usaliti mwanangu, hauna jina lingine.

Shuti Kali:
Hii chai. Mwanzo Ijumaa ilikuwa mwisho wa kulipia, sasa umeshalipa tangu Jumatatu, huo ushauri wa nini? Huyu katumwa na mmiliki kupima upepo.

Mzee wa Benchi:
Hata mimi nimeanza kunusa chai.

Nyuma ya Goli:
Siyo chai. Ijumaa ndo mwisho wa kulipia na ndo mwisho wa kurudishiwa hela, ikipita hiyo hata nikitaka siwezi. Na kuhusu magoti ya baba yangu siwezi kutunga.

Shuti Kali:
Basi jiuzulu ukatibu leo, kesho mpeleke mzee, nani atakulaumu?

Nyuma ya Goli:
Nikitoka mimi hakuna wa kuandika barua zinazofuata, na bei bado itapanda tu. Nimeona nibaki humohumo nipiganie.

Libero:
Barua ya mgomo nani ataiamini wakikuona umekaa kwenye kiti? Halafu mzee mwenyewe umemuuliza?

Nyuma ya Goli:
Bado. Yeye ndo aliyenipeleka kwenye lile jukwaa nikiwa na miaka sita. Naogopa ataniambia nikarudishe tiketi zote mbili.