NGO za Arusha na Moshi: ni nyingi mno, au tunahesabu mabango tu?

Mfereji wa Kati
Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilipanda Coaster kutoka Moshi kwenda Arusha, nikapata kiti cha dirishani. Kuanzia Usa River nikajipa kazi ya kuhesabu mabango ya asasi: makao ya watoto, kituo cha wasichana, maji safi, tumaini hili, tumaini lile. Kabla ya Tengeru vidole vilikuwa vimeniishia. Abiria wa pembeni akaniambia, "Hizo zote ni biashara. Serikali ifute nusu." Nilitaka kumbishia, gari likafika, akashuka. Basi namjibu hapa.

Swali: NGO zimezidi kwenye mikoa yetu miwili, kiasi cha kupunguzwa kwa amri?

Mimi nasema hapana, na hata hesabu yenyewe tunaianzia pabaya. Yenye bango ni sehemu tu ya wanaofanya kazi bila kugawana faida. KCMC, hospitali kubwa ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, haikuwekwa pale na mfanyabiashara, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Hesabu hospitali na shule za KKKT na za Jimbo Katoliki. Ushirika najua ni jambo jingine, wanachama wanagawana, lakini tabia ya kuchanga wazee wetu hawakufundishwa kwenye semina: wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika Kilimanjaro, ikaja 1933. Na huko juu milimani mifereji ya kumwagilia ilikuwa na kamati zake kabla ya sheria yoyote ya vyama. Asiyefika siku ya kuzibua, zamu yake ya maji inarukwa.

Mimi mwenyewe ni mweka hazina wa chama cha kuzikana. Kaya 64, elfu tatu kwa mwezi, kaunta buku moja na sanduku lenye kufuli mbili. Tuna turubai, viti, sufuria kubwa sita. Kila Jumapili ya kwanza nasoma majina na michango kwa sauti. Kuna mzee mmoja hasomi wala haandiki, lakini hesabu ya kila kaya anayo kichwani. Siku moja niliruka jina, akakohoa. Nikaendelea, akakohoa tena, mpaka nikarudi juu ya ukurasa. Hatuna bango wala mfadhili. Yule abiria akifuta nusu, sisi tumo kwenye nusu ipi?

Mama Kiborloni
Kaka Mfereji, pole na safari, ila usituchanganye. Chama cha kuzikana hakiombi hela Ujerumani. Ugomvi wetu ni na wale wanaochukua picha za watoto wetu.

Mtaani kwetu kulikuwa na makao ya watoto, jina silitaji. Mtoto wa jirani yangu, muuza vitunguu, alikaa humo miaka miwili. Mama alikuwa hai, anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Aliambiwa mtoto atasoma bure na atakula nyama, akakubali, na nani angekataa? Siku ya wageni mtoto anavishwa fulana na kuitwa yatima. Mama akawa anapita nje ya geti anasikia mwanawe anaimba. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, makao yanatakiwa kuwa na leseni ya Ustawi wa Jamii. Wale walikuwa na cheti cha NGO wamekitundika ukutani, wakadhani kimemaliza yote. Kwa hiyo ndiyo, zifutwe. Si nusu, robo tatu.

Dereva wa Usa
Mama, na mimi na Noah yangu tufutwe? Watoto wangu wawili wamesoma kwa kubeba mavoluntia kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, iliyokuwa hapa Arusha, ilipofunga mwaka 2015 niliona jinsi mji unavyolia. Sitaki kuliona tena.

Mama Kiborloni
Dereva, Noah yako haina kosa. Lakini yatima asitengenezwe ili wewe upate abiria.

Njiro Block C
Habari zenu ndugu. Mimi ni mhasibu, nafunga hesabu za asasi kadhaa. Niweke sawa mambo machache, maana watu wanadhani "NGO" ni neno la kila kitu.

Chini ya sheria ziko familia tofauti. NGO zinasajiliwa kwa Sheria Namba 24 ya 2002, chini ya wizara ya Maendeleo ya Jamii. Vyama vya kijamii na vya dini vina sheria ya 1954, viko Mambo ya Ndani. Wadhamini wako RITA, wakala wa ufilisi na udhamini. Kampuni zisizo na hisa zilikuwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kwa miaka mingi mtu alichagua mlango uliokuwa rahisi, ndiyo maana hakuna aliyejua tuko wangapi. Mwaka 2019 sheria zikarekebishwa: anayefanya kazi za NGO aende kwa Msajili wa NGO, na walio kwingine wakapewa miezi miwili kuhama. Mkuki ule uliwachoma wengi, ofisini kwangu tulilala saa nane usiku. Cheti nacho kikawa cha miaka 10, unahuisha.

La pili ni kodi. Kuandikishwa kuwa NGO hakukusamehe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataka uombe TRA wakutambue kama taasisi ya hisani, na hata ukitambuliwa PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi, unalipa.

La tatu, Mama, hizo fedha za Ujerumani haziko gizani kama unavyodhani. Kanuni za 2018 zinataka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 liseme limezipata wapi na limezitumiaje, tena liwatangazie wananchi. Kwa hiyo sheria ya kuwabana ipo. Kufuta kwa idadi ni uvivu wa kusoma ripoti.

Mama Kiborloni
Liwatangazie wananchi wapi?

Njiro Block C
Kwenye magazeti, na njia nyingine.

Mama Kiborloni
Mhasibu wangu, gazeti huku linafungia maandazi.

Enkang'
Naomba niongee kwa niaba ya waliokulia kwenye zizi. Mkisema zifutwe mnafikiria makao ya watoto. Mimi nafikiria ardhi. Kuna shirika hapa Arusha, Ujamaa Community Resource Team, lililokaa na vijiji na kuvisaidia kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kupata hati za kimila za pamoja, si za mtu mmoja mmoja. Wahadzabe, wawindaji wa Yaeda Chini, walipata hati yao mwaka 2011. Edward Loure, kijana wa Simanjiro, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo, zaidi ya ekari laki mbili. Kampuni gani ya biashara ingekaa miaka yote hiyo kwenye mikutano chini ya mti ili Mhadzabe apate karatasi asiyoweza kuiuza?

Na muwe waangalifu na neno "zipunguzwe kwa amri". Amri huwa haianzi na anayedanganya kuhusu yatima. Huanza na anayeuliza maswali kuhusu ardhi.

Nilikuwa Data Klaki
Hapo mwisho Enkang' umegonga. Ila niwaambie amri inaweza kutoka mbali zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisaini karatasi ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Nilikuwa klaki kwenye mradi wa VVU hapa Moshi. Tukaitwa kikaoni, tukaambiwa laptop zibaki mezani. Mama mmoja mhamasishaji, aliyekuwa akitembea kata ya Pasua yote kufuatilia wagonjwa waliokatisha dawa, aliuliza, "Na wale wa Alhamisi nani atawaona?" Hakujibiwa. Julai mwaka huohuo USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa.

Kwa hiyo mnabishana zifutwe au zisifutwe, na kumbe kuna ambazo zilishafutwa na mtu asiyejua Pasua iko wapi. Chama cha Mfereji hakikutikisika hata kidogo. Lakini hata chama cha Mfereji hakinunui ARV.

Mstaafu wa Boma
Nimewasoma wanangu. Nilikuwa ofisa maendeleo ya jamii miaka 26.

Mhasibu ameziacha familia mbili, maana hazifiki kwenye kalamu yake. Moja ni vikundi vya halmashauri, vile vya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri: nne kina mama, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Nimevisajili mpaka mkono ukaota sugu. Vingine vinazaliwa siku ya fomu na kufa siku fedha inapoingia benki. Katiba zao zilikuwa moja, zimechapwa stesheneri ileile, hata kosa la herufi ukurasa wa tatu ni lilelile. Ukiniuliza shirika la mfukoni liko wapi, sikupeleki Usa River kwanza. Ya pili ni ya Mfereji, isiyosajiliwa popote.

Sasa Mfereji, nikubishie kidogo. Chama chako ni kisafi kwa sababu yule mzee anakohoa. Anakohoa kwa sababu elfu tatu ni yake. Kwenye NGO fedha ni ya Mjerumani. Nani atakohoa?

Mfereji wa Kati
Shikamoo mzee. Hilo sina jibu lake kamili, nakubali. Nilikuja hapa kutetea wingi, naona wingi si tatizo wala si sifa. Lakini nasema hivi: fedha si yetu, ila jina na picha ni zetu. Bila watu wa Kiborloni kuonyeshwa, hakuna ombi la fedha. Mfadhili anasomewa hesabu kwa Kiingereza kila robo mwaka, kwa nini anayeombewa asisomewe kwa Kiswahili? Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila miezi mitatu. Shirika lije, lisimame, liseme: kwa jina la kijiji hiki tumepokea kiasi hiki, mishahara kiasi hiki, gari kiasi hiki, watoto kiasi hiki.

Njiro Block C
Mkurugenzi gani atakubali kusoma mshahara wake mbele ya wauza vitunguu?

Mstaafu wa Boma
Marahaba Mfereji. Mhasibu, asiyekubali ndiye tulikuwa tunamtafuta. Anza na huyo, muache mwenye hati za Wahadzabe afanye kazi yake.

Enkang'
Hapo nipo. Wetu wanasimama mbele ya watu kila siku, na wazee wa kwetu hawakohoi, wanainua fimbo.

Dereva wa Usa
Na sisi wa Noah tutasoma hesabu?

Mama Kiborloni
Dereva, nyamaza. Haya, mimi sijabadilika, zile za yatima wa uongo zifungwe hata kesho. Ila mkutano wa mtaa wetu ni Jumamosi hii na kuna shirika jipya limeomba nafasi ya kujitambulisha, wamekuja na biskuti. Nitanyoosha mkono niulize la mishahara. Mwenyekiti ni shemeji yangu, nikinuniwa na ukoo mzima, Mfereji, mnipokee kwenye chama chenu cha kuzikana.

Mfereji wa Kati
Karibu, dada. Kiingilio elfu kumi, na jina lako litasomwa kwa sauti.