Naomba ushauri: polisi wa mji wetu wamezuia umma kusikiliza redio zao za upepo

Wakuu, habari zenu. Naishi mji mdogo California, Marekani. Kwa miaka sita nilikuwa nasikiliza redio za upepo za polisi kwa skana (kifaa cha kunasa mawasiliano hayo), kisha nawaandikia Waswahili wenzangu kwenye kundi la WhatsApp: barabara ipi imefungwa, mtaa gani watu wanahamishwa kwa moto. Wazee wetu wengi Kiingereza kinawapiga chenga. Tangu mwezi jana mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa kwa msimbo ili wengine wasiyaelewe, nasikia mkwaruzo tu.

Sababu naielewa. Mwaka 2020 Idara ya Sheria ya jimbo iliagiza taarifa binafsi za watu zisisikike hewani, iwe kwa kusimba au kwa utaratibu mwingine. Ni haki, nami nisingependa namba ya leseni yangu itangazwe. Lakini polisi wa Palo Alto, mji mwingine wa California, walifunga 2021, wakafungua tena 2022. Huko taarifa nyeti askari wanazipitisha kwa simu. Chicago umma unasikia baada ya dakika 30. Moto haungoji dakika 30!

Wiki ijayo nina dakika mbili mbele ya baraza la mji. Nidai mfumo wa Palo Alto, au niombe kwanza tangazo la dharura kwa Kiswahili? Aliyewahi kusimama mbele ya baraza kama hilo anielekeze, tafadhali.