Nani aliwaambia trudge, plod, shuffle na traipse zote ni "kutembea kwa uchovu"?

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Nimesubiri siku mbili hasira zipoe, hazijapoa. Naandika hivyo hivyo.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Ijumaa karudi na daftari la Kiingereza, ndani kuna insha aliyoandika kuhusu bibi yake. Mama yangu anaishi nasi tangu mwaka juzi, magoti yanamsumbua. Kila alfajiri anaamka kwenda kutawadha na nyumba nzima tunamsikia: ndala zinakwaruza sakafu, shaa, shaa, shaa, kutoka chumbani hadi bafuni. Mguu haunyanyuki. Mtoto amelala chumba cha pili, sauti ile anaijua kama anavyoijua adhana. Akaandika: My grandmother shuffled to the door. Mwalimu akalipiga neno shuffled mstari wa wino mwekundu, juu yake akaandika walked tiredly, pembeni akamkata alama moja.

Mama yangu alikuwa ametoka kulala! Kachoka na nini saa kumi na moja alfajiri? Mtoto hakuandika habari za uchovu. Kaandika alichokisikia kwa masikio yake, miguu inayoburuzwa, akatafuta neno la Kiingereza linalosema jambo hilo hilo, akalipata. Kapata sahihi kabisa. Akaadhibiwa kwa kupata.

Nikafungua kurasa za nyuma kuangalia notsi. Nimekuta maneno tisa yamepangwa kwenda chini: trudge, plod, slog, traipse, trek, tramp, shuffle, shamble, stagger. Kulia kwake kuna mabano moja kubwa yameyakusanya yote, na mbele ya mabano: "kutembea kwa uchovu". Basi. Maneno tisa, maana moja. Darasa zima limenakili, na hivyo ndivyo wataingia nayo kwenye mtihani, halafu baadhi yao watakuja kuwa walimu.

Mimi nafanya kazi ya tafsiri mwaka wa kumi na moja sasa, nakula kwa maneno haya. Naomba mnivumilie niyaseme, maana naona hakuna anayeyasema.

Trudge ina uchovu, sikatai, lakini haina uchovu peke yake. Kuna njia ndefu, kuna mzigo au tope au mwinuko, na kuna moyo ambao hautaki lakini hauna namna. Nimekulia Lushoto. Masika, wale kina mama wanaoshusha mboga sokoni, tenga kichwani, tope limeng'ang'ania kandambili mpaka kila mguu unapotoka chini unatoka na kilo yake ya udongo. Hasimami, kwa sababu akisimama soko linamwacha. Hakimbii, kwa sababu hawezi. Ile ndiyo trudge. Na Kiswahili chake kipo tangu zamani: kujikokota. Mkokoteni unaouona Kariakoo umetokana na kitenzi hicho hicho. Mtu anayejikokota anauvuta mwili wake mwenyewe kama mkokoteni. Mnataka neno gani zuri kuliko hilo?

Plod ni kitu kingine. Mtazame ng'ombe wa plau. Hatua ya kwanza asubuhi na hatua ya elfu moja zinafanana: nzito, polepole, bila kubadili mwendo. Huenda hata hajachoka. Ndiyo maana Waingereza wana plodder, mwanafunzi ambaye si mwepesi wa akili lakini haachi, anasoma ukurasa baada ya ukurasa mpaka anamaliza. Ukimtafsiri mtu huyo kwa "mwenye kutembea kwa uchovu" umemharibia sifa pekee aliyopewa. Hapa nakiri Kiswahili hakinipi kitenzi kimoja, lakini kinanipa kitu ambacho Kiingereza hakina, ile -ka- ya wasimulizi: akaenda, akaenda, akaenda. Bibi yangu alipokuwa anatutolea hadithi alikuwa anairudia hivyo na sauti inashuka kidogo kila mara, na sisi watoto tunaona kabisa njia haiishi. Hiyo ndiyo plod, na haihitaji neno "uchovu" hata mara moja.

Slog mwanzo wake si kutembea kabisa. Karne ya 19 ilikuwa kupiga kwa nguvu, ngumi au mpira wa kriketi. Mtu anaye-slog anapambana na njia, anaipiga, inampiga. Vijana wa leo wanasema kusota, "nimekisotea hiki cheti miaka minne", na mimi kwenye kazi zisizo rasmi naitumia bila aibu.

Traipse ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ni neno la malalamiko na hapa kwetu malalamiko hayo tunayaishi. Mwezi uliopita nilikuwa nafuatilia karatasi za kiwanja. Dirisha la nne wanakwambia panda ghorofa ya pili. Ghorofa ya pili afisa yuko semina. Rudi kesho. Kesho unaambiwa muhuri unagongwa jengo la pili, ng'ambo ya barabara. Mwingereza akirudi nyumbani jioni baada ya siku kama hiyo anasema ali-traipse mji mzima. Ndani ya neno hilo kuna miguu inayouma, kuna safari isiyo na faida, na kuna msemaji aliyekasirika. Sasa niambieni, kuna Mswahili asiyejua kusema "wamenizungusha"? Kuna asiyejua kiguu na njia? Tunayo maneno yenye hasira ile ile ndani yake, halafu tunaandika "alitembea kwa uchovu mjini". Hasira imekwenda wapi? Mmeifuta.

Trek sidhani kama inapaswa hata kuwemo kwenye orodha ile. Ni neno la Makaburu wa Afrika Kusini, kutoka Kiholanzi, kuvuta, yaani ng'ombe wanavuta magari ya kuhama. Kiingereza kililichukua karne ya 19 na likageuka kuwa safari ndefu ya miguu yenye shida. Kuvuta, jamani! Wao walianzia kwenye kuvuta gari, sisi kwenye kukokota, mawazo yamekutana. Lakini leo hilo trek limebandikwa kwenye kila tangazo la Kilimanjaro. Watu wanalipa fedha nyingi kwenda kupanda mita 5,895, hawajalipia uchovu. Usiku wa mwisho, kutoka kambi ya Barafu kupanda Stella Point, kwenye ule mchanga unaokurudisha nyuma, hapo sasa ndiyo wanajikokota. Trek ni safari yote, trudge ni usiku ule. Na kinachowafikisha ni maneno ya waongozaji wetu, pole pole, maneno ya Kiswahili ya mwendo ambayo mgeni anaondoka nayo mpaka kwao. Wageni wanajifunza mwendo kwetu, na sisi wenyewe tumeutupa.

Tramp ni mguu unaokanyaga kwa kishindo. Shamble ni kwenda legelege, mabega yameshuka. Stagger ni kupepesuka, na mlevi aliyelala mchana kutwa anapepesuka vizuri tu bila kuchoka. Nayapita haraka kwa sababu kila mtu anaweza kuyaona akitaka.

Kuna jambo kubwa kuliko maneno yenyewe ambalo shuleni silisikii. Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, alionyesha kwamba lugha hazigawi kazi sawa. Kiingereza kinapenda kuweka namna ya mwendo ndani ya kitenzi na kuacha njia kwa kineno kidogo cha pembeni: trudged up, shuffled in, staggered out. Kiswahili chetu kinaweka njia ndani ya kitenzi: panda, ingia, toka, vuka, shuka, pita. Namna inakuja baadaye, na imetengenezewa mahali pake, ile -ki-. Aliingia akiburuza miguu. Alitoka akipepesuka. Walivuka mto wakijikokota. Ni rahisi hivyo! Mwaka jana nimeletewa kitabu cha watoto nikihariri, kazi ya mtu mwingine, askari wame-trudge kupanda kilima. Mfasiri kaandika: "Askari walitembea kwa uchovu juu ya kilima." Yaani wamekwisha kufika, wako kileleni, wanazunguka huko wamechoka. Ukurasa unaofuata wanashambuliwa wakiwa bado mteremkoni. Mtoto anayesoma ataelewa nini? Nikarekebisha: "Askari walipanda kilima wakijikokota." Kitabu kilipochapishwa nikakuta wamerudisha ya kwanza, kwa maelezo kwamba "kujikokota" ni neno gumu kwa watoto. Gumu! Mtoto wa miaka sita nyumbani kwangu anaambiwa kila asubuhi "acha kujikokota, utachelewa shule".

Na sasa nifike kwa wale ambao najua watakuja hapa kuandika "Kiswahili hakina maneno". Mmetazama? Mzee anayekwenda kwa fimbo anajikongoja, na fimbo yenyewe ni mkongojo. Mwenye mguu mmoja mbovu anachechemea, au anakwenda chopi. Anayepanua miguu kwa maumivu anatagaa. Anayekwenda huku moyo umebaki nyuma anasuasua. Hayo nimeyatoa kichwani bila kufungua kamusi, na mimi ni wa bara. Watu wa Unguja, Lamu na Mombasa wanayo mengine ambayo mimi siyajui, wekeni hapa chini tafadhali.

Waingereza nao maneno hawakushushiwa. Mwaka 1982, vita vya Uingereza na Argentina kugombea visiwa vya Falkland, makomando wa Uingereza wa Royal Marines walivuka kisiwa kwa miguu na mizigo mizito mgongoni, na neno lao la kambini, yomp, likaingia magazetini na kubaki kwenye kamusi. Askari wa miavuli wa nchi hiyo hiyo wana lao, tab, na hawakubali kuchanganywa na wenzao. Watu wanagombania neno la kutembea na mzigo! Wanalijali kiasi hicho. Sisi tunaweka mabano.

NYONGEZA: Kuna ndugu kauliza faragha, alama moja ndiyo unaifanyia hivi? Ndugu yangu, jana jioni nimemwambia binti aandike tena insha kwa Kiswahili, tuone. Kaandika, "Bibi alikwenda mlangoni akiburuza ndala." Halafu akashika kalamu, akaikata mwenyewe, juu akaandika "alitembea kwa uchovu". Nikamuuliza kwa nini. Kasema, "Mama, ndivyo wanavyotaka."

Jumatatu saa moja na nusu niko shuleni na daftari. Mwalimu nitamsalimia kwa heshima yake, ana wanafunzi wengi na notsi zile najua si yeye aliyezitunga. Lakini ule mstari mwekundu juu ya shuffled naomba aufute yeye mwenyewe, na mtoto akiwepo anaona.