Paka watatu katika nyumba ya vyumba viwili: mchanga na chakula viwekwe wapi?

Mkaaji wa Himbi, Goma
Ndugu zangu, nina paka watatu na beseni moja la mchanga, ambalo nimeliweka jikoni kando ya bakuli zao. Tangu mwezi uliopita mmoja wao anajisaidia nyuma ya kabati. Je, nibadilishe mchanga, au kosa liko mahali penyewe?

Mama wa Katindo
Dada, kosa liko mahali. Paka hapendi kujisaidia karibu na mahali anapokula, kwa hiyo hamisha beseni hilo kwanza, kisha ongeza mengine, kwa kuwa kanuni ya kawaida ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada, yaani manne kwako. Nyumba ikiwa ndogo, hata matatu yaliyotawanywa yatasaidia. Tumia mchanga laini wenye kina cha sentimeta 5 hivi. Changarawe nyeusi ya volkano huumiza nyayo, ingawa hapa kwetu inapatikana kila mlangoni.

Fundi wa Majengo
Naongeza jambo moja zito: ondoa kinyesi kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji angalau siku 1 ndipo viweze kuambukiza, na mwenye mimba amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Maji nayo yakae mbali na chakula chao, yaani wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu waitwao sambaza.

Mkaaji wa Himbi, Goma
Asanteni sana. Beseni limekwisha kuhamia barazani.