Kompyuta inachelewa kuwaka diski ya nje ikiwa imechomekwa: nichomoe, niguse BIOS au ninunue SSD?

Kamera_Mwanza
Wakuu, habari za leo. Nina desktopu ya kuhariria video za harusi, Windows 10, ndani ina SSD (diski ya kasi isiyozunguka). Ikiwa peke yake inawaka fasta, kama sekunde 20 nimeshaingia. Nikiacha hedidiski ya nje ya TB 4 imechomekwa, inaganda kwenye nembo ya kampuni karibu dakika mbili, ndipo Windows inaanza. Ikishawaka haina shida yoyote, mafaili yanafunguka vizuri.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza, nichomoe diski kila nikizima. Wa pili, niingie BIOS (programu ya msingi inayoamsha kompyuta kabla ya Windows) nibadili mpangilio wa kubuti, yaani kifaa gani kianzishe mfumo. Wa tatu, niachane na hedidiski ninunue SSD ya nje, na ya TB 4 bei yake mnaijua. Nyie mngechukua upi?

bintiwaya
Mkuu, swali la kwanza ni inakwama wapi. Kama ni kwenye nembo ya kampuni, Windows bado haijaguswa. Hapo BIOS ndiyo inapita kwenye vifaa vya USB kimoja kimoja, inasubiri diski izunguke, kisha inaangalia kama ndani yake kuna mfumo wa kuanzisha. Nyingine zinahangaika sana zikikutana na diski kubwa yenye patisheni (sehemu zilizogawanywa) nyingi.

Pima. Fungua Task Manager, kichupo cha Startup, juu kulia utaona "Last BIOS time". Soma namba hiyo diski ikiwepo na isipokuwepo. Tofauti ikionekana hapo, usikimbilie dukani, maana SSD ya nje nayo ni kifaa cha USB na BIOS itaikagua vilevile. Utakachookoa ni muda wa diski kuzunguka tu. Namba zikilingana, basi kinachochelewesha kiko ndani ya Windows na huo ni mjadala mwingine.

Mzee wa Soketi
Mimi ni wa kuchomoa. Ni bure, na diski isiyochomekwa haipigwi na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ukiwa na kazi za watu humo ndani, hilo peke yake linatosha.

Ila kuna mtego. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, kompyuta haizimi yote, inahifadhi kiini cha Windows kwenye diski ya ndani ili kesho iamke haraka. Sasa ukichomoa diski ya nje baada ya kuzima, ukaenda kuandika mafaili kwenye kompyuta nyingine, ukairudisha, Windows inaweza kuamka na kumbukumbu ya zamani ya diski hiyo na kukuharibia mafaili. Kwa hiyo itoe kwa utaratibu kabla ya kuzima, au uzime Fast Startup kabisa. Kwa mwenye SSD ndani, hasara yake ni ndogo.

bintiwaya
Shikamoo mzee wangu. Hoja ya umeme nakubaliana nayo. Ila mtu anayehariri kila siku atachomoa wiki ya kwanza, wiki ya pili amesahau. Kwake naona BIOS ndiyo dawa.

Kamera, huko ndani kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kushusha USB chini ya diski ya ndani kwenye orodha ya kubuti husaidia kwenye baadhi ya mashine, nyingine hukagua kila kifaa hata kikiwa mkiani. Kuzima kubuti kwa USB ndiko kunakokata mzizi. Usizime USB yenyewe, wala usiguse mpangilio wa "Legacy USB" kama kibodi yako ni ya USB, unaweza kujikuta huwezi hata kurudi BIOS. Na kama umewasha BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo), uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi kabla ya kubadili chochote, maana mabadiliko ya kubuti yanaweza kuufanya uombwe.

nuktambili
Naongeza la nne ambalo halikutajwa: umeme wa poti. Hedidiski ndogo ya inchi 2.5 inakula kwenye waya wa USB wenyewe. Poti ya USB 2.0 kwa kawaida inatoa miliampia 500, ya 3.0 inatoa 900. Ukitumia poti za mbele ya kasha na waya mrefu wa bei poa, diski inaanza kuzunguka, inakosa nguvu, inaanza upya, na BIOS inasubiri. Jaribu poti ya nyuma na waya mfupi. Ikikubali, umemaliza bila kutoa shilingi. Habu (kigawa poti za USB) yenye adapta yake nayo ni nafuu kuliko SSD.

Pia iangalie afya kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ukikuta sekta zinazosubiri kurekebishwa zinaongezeka, acha habari za kasi, hamisha kazi za wateja kwanza. Chkdsk (kikagua makosa ya diski cha Windows) iendeshe baada ya hapo, isitangulie: kwenye diski inayokufa ile skani ndefu inaweza kuimaliza.

juma_linux
Kwa sisi wa Ubuntu (aina ya Linux) ni tofauti kidogo. Kama diski imeandikwa kwenye fstab (faili lenye orodha ya diski za kuunganisha wakati wa kuwaka) na siku hiyo haipo, mfumo unaisubiri sekunde 90. Ongeza neno nofail kwenye mstari wake, biashara imeisha.

Kamera_Mwanza
Nimerudi na majibu. Last BIOS time bila diski ni sekunde 11, ikiwepo ni 104. Poti ya nyuma na waya mfupi, imeshuka mpaka 97, si kitu. Kushusha USB kwenye orodha, hakuna kilichobadilika. Nikazima kubuti kwa USB: 14. CrystalDiskInfo inasema diski haina tatizo.

Kwa hiyo SSD ya TB 4 nimeiweka pembeni. Nitatafuta ya TB 1 kwa kazi zinazoendelea, kwa sababu ya kuhariri, si ya kuwasha. Hedidiski inabaki ghala la harusi zilizokwisha, na hiyo nitakuwa naichomoa kama alivyosema Mzee wa Soketi, maana siihitaji kila siku.

Swali dogo: siku nikitaka kuweka Windows upya kwa flashi?

bintiwaya
Unarudi BIOS unawasha kubuti kwa USB, unamaliza kazi, unazima tena. Usipowasha, kwenye mashine nyingi flashi haitaonekana hata kwenye menyu ya kubuti, na utadhani imekufa.