Muuza spea wa Gerezani kaweka kikombe cha chai juu ya pleti yangu ya klachi!

Wakuu, nimetoka Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, wala sina haja ya kumtaja.

Nafufua pikipiki ya Honda CG125, zile za mwanzo zilizoanza kutoka 1976. Klachi inateleza: injini inalia mpaka Kigamboni wanasikia, tairi haina habari. Nikafungua kava, nikachomoa pleti moja iwe sampuli, nikaifunga kwenye gazeti na namba ya injini nikaandika, ile inayoanzia CG125E. Mtu anataka nini zaidi?

Kaitazama, kasema "dogo, pleti ni pleti", KISHA AKATUA KIKOMBE CHA CHAI JUU YAKE. Chai ya maziwa! Ikachuruzika ikajaa kwenye vile vifereji vya oili.

Akanitolea pakiti ya Kichina. Meno mapana kuliko nafasi za kapu langu la klachi zinamokaa pleti, hayaingii. Namwambia pima kipenyo, pima unene, hesabu meno, linganisha na sampuli. Eti "piga tupa, zitaingia". Tupa! Na sampuli angeilinganishaje wakati kaifanya kisosi?

Chai ya maziwa, wakuu. Juu ya pleti iliyotoka Japani kabla sijazaliwa.

Kabureta_Kavu: Hahahaha, ilikuwa na tangawizi?

FundiMstaafu: Pole mkuu. Springi umepima urefu? Zikishafupika, hata pleti mpya zitateleza. Na usitie oili ya gari, klachi hiyo inaogelea kwenye oili ya injini. Tafuta yenye alama ya JASO MA, ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Mleta uzi: Springi nimepima, oili ni hiyo hiyo. Mzee wangu, hapa tunaongelea CHAI!

Kabureta_Kavu: Nunua Boxer upumzike, dogo.

BintiTandika: Mnalilia pleti? Fundi rangi ana tenki langu tangu Ramadhani. Kila nikipiga simu, "njoo kesho dada".

Mbagala_Kuu: Yule mwenye kofia, karibu na sokoni? Na mimi ana tenki langu!

BintiTandika: Ndiye huyo huyo! Lako jekundu?

Mbagala_Kuu: Jekundu, lina mstari mweupe.

BintiTandika: Basi kaka yangu, jana nimeliona Temeke, liko kwenye pikipiki ya mdogo wake, limebeba abiria.