Kwa nini divine ni "divain" ila divinity sio "divainiti"?

kijana_wa_tandika: Wakuu habarini. Mdogo wangu yuko kidato cha pili kanibana hapa, anasema sane inasomwa "sein" ila sanity ni "saniti", divine ni "divain" alafu divinity "diviniti", na herufi ni zile zile, kimeongezwa tu kiambishi mwishoni. Nimemwambia akariri kagoma. Kuna kanuni au Waingereza wanajiamulia tu?

kalamu2: Kanuni ipo mkuu. Kiingereza cha zamani kilikuwa na tabia ya kufupisha irabu ndefu ikifuatwa na silabi mbili, na -ity inaleta mbili kwa mkupuo. Kwa hiyo mwanzoni tofauti ilikuwa urefu tu, "ii" na "i". Sa kuanzia kama 1400 mpaka 1700 irabu ndefu zote zikahama, "ii" ikawa "ai", "aa" ikaishia "ei", zile fupi nyingi zikabaki zilipo. Caxton kaleta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza 1476, katikati ya vurugu hiyo hiyo, tahajia ikaanza kuganda kabla matamshi hayajatulia, ndo hapo jicho linaona i moja sikio linasikia mbili.

Mama Nasra: Mwambie pia -ness na -ing hazisumbui, rude na rudeness sauti ile ile. Wasumbufu ni vile vya Kilatini na Kifaransa, -ity, -ic, angalia cone na conic.

dalali_wa_maneno: Sio kweli dada, -th ni ya Kiingereza chenyewe kabisa na wide inakuwa width, deep depth, five fifth. Pale zimebanana konsonanti mbili mwishoni, irabu ikafupishwa nayo.

Mama Nasra: Haya hiyo nimeikubali 😄

kijana_wa_tandika: Asanteni sana, dogo kaelewa ila kaongeza lingine eti obese na obesity mbona zote "bii"?

kalamu2: Hilo limekaidi, yapo machache ya hivyo, asilazimishe. Na privacy ndo kabisa, Uingereza wengi wanasema "privasi", Marekani "praivasi", kwa hiyo akisahihishwa darasani aulize kwanza ni Kiingereza cha wapi, kwa adabu lakini.